Flaiwili Nyepesi: Kuikereza, Kuibalansi na Kuifunga Injini Ikiwa Chini

Injini ikishushwa kufunguliwa na giaboksi ikawekwa kando, flaiwili, lile gurudumu zito la chuma linalofungwa nyuma ya injini na kubeba klachi, huwa mkononi. Hakuna wakati mzuri kama huo wa kuipunguza uzito, maana kazi kubwa ya kutoa giaboksi umeshailipia. Shida ni kwamba wengi huibeba hadi kwa fundi wa leithi (mashine ya kukerezea chuma) wakiwa na neno moja tu: "Nipunguzie." Naye atapunguza. Atakata pale kisu chake kinapofika kwa urahisi, na mara nyingi hapo sipo penye faida. Mwenye gari hurudi na flaiwili iliyo nyepesi kwenye mizani, lakini gari likawa na tabia ile ile, au mbaya zaidi.

Maelezo haya ni ya injini za petroli za silinda nne, lita 1.3 hadi 2.0, zenye gia za mkono, kama zile za Toyota zilizojaa mitaani Mombasa. Vipimo tunavyotaja vinatosha kukuongoza, ila kitabu cha ufundi cha injini yako kikisema tofauti, fuata kitabu.

Kwanza amua kama gari lako linaitaka

Flaiwili ni akiba ya mwendo. Katika injini ya silinda nne, krenki (shafti kuu ya injini) hupata msukumo mmoja kila nusu mzunguko, na kati ya msukumo na msukumo ni flaiwili inayoibeba. Ikiwa nzito, injini hutulia na gari huondoka taratibu hata ukiachia klachi ovyo. Ikiwa nyepesi, injini hupanda upesi ukikanyaga na hushuka upesi ukiachia, na kubadilisha gia kunamnyookea dereva anayejua kulinganisha mizunguko. Nguvu ya injini yenyewe haiongezeki hata kidogo. Kinachobadilika ni kiasi cha nguvu kinachotumika kuizungusha flaiwili yenyewe kabla ya kufika kwenye magurudumu.

Kipimo kizuri cha hapa kwetu ni kivuko cha feri cha Likoni. Maji yakipwa, mteremko wa kushukia feri huwa mkali. Unatoka kwenye feri ukipanda, gari la mbele linasimama kila hatua mbili, la nyuma liko mgongoni mwako, na watu wanapita kwa miguu pande zote. Flaiwili ya kawaida inakusamehe ukikosea. Nyepesi inataka ukanyage zaidi na uishikilie klachi nusu kwa muda mrefu zaidi, na kila sekunde ya kushikilia ni joto. Tena flaiwili iliyopunguzwa ina chuma kidogo cha kulimeza joto hilo. Kama unavuka Likoni asubuhi na jioni, au unakaa kwenye foleni ya Daraja la Nyali kila siku, punguza kidogo tu, au usipunguze kabisa.

Matatu, teksi, pikapu ya mizigo, gari la kuvuta trela na dizeli yoyote: ziache kama zilivyotoka kiwandani. Gari linalofaa ni lile la kuendeshwa kwa raha au mashindano, dereva wake anaijua klachi, na halibebi mzigo.

Kuna aina mbili za flaiwili ambazo hazikerezwi hata mwenye gari akisisitiza. Ya kwanza ni ile ya vipande viwili yenye springi ndani. Utaijua ukiilaza mezani, ukashika sehemu ya klachi na kuizungusha: inacheza kidogo kwenda na kurudi, na inasukuma kwa springi. Hiyo hubadilishwa nzima kwa flaiwili ya kipande kimoja pamoja na pleti ya klachi yenye springi katikati, na ukubali kwamba giaboksi inaweza kulia kama kokoto kwenye kopo gari likiwa limesimama bila gia. Ya pili ni ile yenye meno au vijidirisha vya sensa ya krenki kwenye ukingo wake. Baadhi ya magari ya Ulaya yako hivyo. Kisu kikigusa alama hizo, kompyuta ya gari haijui tena krenki iko wapi na injini haiwaki. Angalia sensa iko wapi kabla ya kutoa flaiwili nje ya karakana.

Uzito unatoka wapi ndiyo hesabu yenyewe

Inersia, yaani ukaidi wa kitu kubadilishwa mwendo, hupanda kwa mraba wa umbali kutoka katikati. Kilo moja na nusu ikiondolewa kwenye ukingo, milimita 120 kutoka katikati, inersia inashuka kwa 0.0216 kg·m². Kilo ile ile moja na nusu ikiondolewa milimita 60 kutoka katikati, inashuka kwa 0.0054 tu. Mizani itasoma sawasawa. Injini itahisi tofauti ya mara nne.

Igeuze sasa iwe kitu ambacho dereva anakihisi. Chukua gari lenye gia ya kwanza 3.5, difu 4.3 na gurudumu la nusu kipenyo sentimita 29. Ukikata ile kilo moja na nusu ukingoni, gari kwenye gia ya kwanza litaongeza kasi kana kwamba limepunguziwa mzigo wa kilo 58 hivi. Kwenye gia ya tano ya 0.82, faida hiyo hiyo ni kilo 3 na kidogo. Ndiyo maana flaiwili nyepesi huonekana unapoondoka na kwenye gia za chini, na kwenye barabara ya Malindi ukiwa gia ya tano huisikii kabisa. Ikatwe karibu na katikati, hata gia ya kwanza utapata kilo 14 hivi tu, na umeshaharibu sehemu inayobeba bolti.

Kwa flaiwili ya chuma cha kalibu, kile mafundi huita kasti, ushauri wetu ni kuondoa asilimia 20 hadi 25 na kusimama hapo. Ya kilo 8 ishuke hadi 6 au 6.4. Ukitaka chini ya hapo, au injini itazungushwa zaidi ya mizunguko 7,000 kwa dakika mara kwa mara, nunua flaiwili iliyotengenezwa kwa feleji, au ya aluminiamu yenye uso wa feleji, iliyo na cheti cha viwango vya mashindano cha SFI 1.1 au 1.2. Hili halina mjadala. Kwenye mizunguko 7,000, ukingo ulio milimita 137 kutoka katikati unakimbia mita 100 kwa sekunde, yaani kilomita 360 kwa saa. Kasti ni ngumu ukiibana lakini dhaifu ikivutwa, na mzunguko unaivuta kila upande. Ikipasuka haiachi onyo. Vipande hupenya ganda la giaboksi, na kwenye gari la kuvuta nyuma miguu ya dereva iko hapo hapo.

Kuikagua kabla ya kisu

Osha kwa dawa ya kusafishia breki au thina mpaka kitambaa kitoke cheupe. Itundike kwa kamba kupitia shimo moja la bolti na uigonge kidogo kwa nyundo ndogo. Nzima inalia kama kengele na sauti inabaki. Inayolia butu kama sufuria iliyopasuka, tafuta nyingine. Sauti peke yake haitoshi, kwa hiyo pulizia dawa ya kuonyesha nyufa: rangi nyekundu kwanza, subiri dakika 10 hadi 15, futa, kisha pulizia ile nyeupe. Ufa unatokea kama uzi mwekundu. Mistari midogo ya joto juu juu ya uso wa klachi inaweza kuondoka kwa kukwangua sehemu ya kumi ya milimita. Ufa unaoanzia kwenye shimo la bolti, au uliofika ukingoni, umeimaliza flaiwili hiyo.

Angalia pia madoa ya buluu kwenye uso. Hapo chuma kimeungua kikawa kigumu kuliko sehemu nyingine, na kisu cha leithi huruka juu yake badala ya kukata. Uso wa namna hiyo usawazishwe kwa jiwe la kusagia.

Hesabu mashimo ya krenki ikiwa flaiwili umeinunua kando. Injini za Toyota za familia ya 4A zipo zenye mashimo 6 na zipo zenye 8, na kwa macho ya haraka sokoni zinafanana.

Karatasi ya kumpa fundi wa leithi

Usimwachie maneno. Chora umbo la flaiwili likiwa limekatwa kati, hata kwa kalamu ya risasi, uandike vipimo vya vernia. Ukienda Shimanzi au Changamwe, popote penye leithi kubwa ya kutosha kipenyo hicho, karatasi hiyo ndiyo mkataba wenu.

Chuma kitoke upande wa nyuma, ule unaotazama injini, kuanzia ukingoni kuja ndani, na kisimame kabla ya eneo la bolti za krenki. Duara lote linalokaa juu ya kichwa cha krenki na kuzunguka mashimo ya bolti lisiguswe hata kwa msasa. Nyuma ya uso wa klachi pabaki unene usiopungua milimita 12. Chini ya hapo uso hupinda ukipata joto, na gari hutetemeka likiondoka. Chini ya ringi ya meno (ile inayozungushwa na stata) iachwe mbavu nene ya kuishikilia, pamoja na kile kingo inachoegemea. Kila kona ya ndani iwe ya mviringo, nusu kipenyo milimita 3 au zaidi. Kona kali ndiyo mahali ufa unapozaliwa.

Kati ya bolti za presha pleti (kifuniko chenye springi kinachobana pleti ya klachi) panaweza kuchongwa vijibonde ukingoni, kwa sababu hapo chuma hakishiki kitu. Lakini vijibonde vyote vilingane upana na kina. Kutoboa matundu kwa drili ili kupunguza uzito hatupendekezi kwa kasti hata kidogo: kila tundu ni mwanzo mpya wa ufa, na kuyapanga yalingane kwa drili ya mkono haiwezekani.

Kipimo ambacho mafundi wengi hukisahau ni kidato, yaani tofauti ya kimo kati ya nyuso mbili. Flaiwili nyingi zina uso wa klachi ulio chini au juu kidogo ya pale presha pleti inapofungwa. Ukikwangua uso wa klachi kwa milimita 0.3, pale pa presha pleti pakwanguliwe milimita 0.3 ile ile. Usipofanya hivyo, springi ya presha pleti inakaa pembe nyingine: ama klachi inateleza kwa sababu mbano umepungua, ama haikati vizuri. Mikwangulio yote kwa jumla isizidi nusu milimita isipokuwa kitabu kimeruhusu.

Mwambie fundi aishike flaiwili kwenye leithi kwa kutumia tundu la katikati na ule uso unaokaa kwenye krenki. Akiishika kwa ringi ya meno, atakata duara ambalo katikati yake si katikati ya krenki, kisha mashine ya balansi itawalipisha kosa hilo.

Ringi ya meno

Kama meno yameliwa upande mmoja, sasa ndio wakati wa kuibadilisha. Ringi ya zamani hutobolewa kati ya meno mawili bila kufikia flaiwili, ikapasuliwa kwa patasi. Mpya hupashwa joto kwenye oveni hadi nyuzi 200, isizidi 250, kisha ikadondoshwa kwa mara moja. Ringi ya kipenyo cha milimita 275 ikitoka joto la Mombasa la nyuzi 30 hadi 200 hutanuka karibu nusu milimita, na hiyo inatosha kuingia yenyewe. Ikigoma katikati, usiigonge kwa nguvu. Itoe na uipashe tena.

Moto wa gesi wa kuchomelea unaharibu ringi nyingi. Chuma kikianza kugeuka rangi ya majani makavu umefika nyuzi 220 na kidogo. Kikifika buluu, meno yamepoteza ugumu wake na stata itayala ndani ya miezi. Upande wa meno uliochongwa mshazari utazame kule stata inakotokea. Ringi ikigeuzwa, stata hugonga badala ya kuingia.

Balansi

Baada ya kukereza, balansi si hiari. Gramu 10 tu zikizidi upande mmoja, milimita 120 kutoka katikati, kwenye mizunguko 6,500 zinavuta krenki kwa nguvu ya nyutoni 556, sawa na kumning'iniza mtu wa kilo 57 kwenye ukingo akizunguka naye. Beringi za krenki na sili ya nyuma ndizo zinazoumia.

Omba balansi ya kiwango cha G6.3 au bora zaidi. Kwa flaiwili ya kilo 6.5 na mizunguko 7,000, G6.3 inaruhusu gramu-milimita 56, yaani chini ya nusu gramu kwenye ukingo. Kuilaza flaiwili juu ya visu viwili na kutazama upande gani unashuka hakuwezi kufikia usahihi huo. Mashine ndiyo inayoweza. Karakana zinazohudumia pampu, mafeni na mitambo mikubwa ndizo za kuulizia mashine ya namna hiyo ikiwa kwa mafundi wa injini haipo.

Utaratibu uwe huu: flaiwili peke yake kwanza. Kisha presha pleti ifungwe juu yake kwa bolti zake, zipimwe pamoja, na chuma kipunguzwe pale kinapozidi kwa vijishimo vya drili vifupi kwenye sehemu nene, mbali na mashimo ya bolti. Piga alama ya rangi ikivuka zote mbili ili zirudi jinsi zilivyopimwa. Kama krenki yenyewe imepelekwa kukwanguliwa, ipimwe pamoja na puli ya mbele kabla ya vyote. Krenki za injini nyingi za silinda nne hujitosheleza balansi, lakini kuna injini, hasa V8 kadhaa za Marekani, ambazo flaiwili yake imewekewa uzito upande mmoja makusudi. Hiyo ukiisawazisha umeiharibu.

Jambo moja la hewa yetu: chuma kilichotoka kukerezwa jioni, kikilala wazi Mombasa, asubuhi kina vumbi la kutu. Kipake oili nyepesi na ukifunge kwa nailoni mpaka siku ya kufunga.

Kufunga kwenye injini

1. Pima mchezo wa krenki wa mbele na nyuma baada ya kukaza kepu zote. Injini nyingi za Toyota za ukubwa huu huruhusu milimita 0.02 hadi 0.22, na mwisho kabisa 0.30. Ukizidi, weka washa mpya za kuzuia krenki isisogee sasa. Klachi huisukuma krenki mbele kila unapoikanyaga.

2. Funga sili mpya ya nyuma, mdomo wake ukipakwa oili ya injini. Pitisha ukucha pale sili inaposugua krenki. Ukucha ukikwama kwenye mfereji, isukume sili mpya ikae milimita moja au mbili mbele au nyuma ya mfereji ikiwa nyumba yake inaruhusu.

3. Weka lile bati la nyuma linalokaa kati ya bloku na giaboksi, pamoja na pini zote za kuongozea giaboksi. Kulisahau bati ni kosa la kawaida kuliko yote, na utaligundua ukiwa umeshakaza flaiwili, umeshafunga klachi, na giaboksi iko kwenye jeki. Pini zikikosekana, giaboksi hukaa upande kidogo na pleti mpya ya klachi hupasuka katikati.

4. Safisha kichwa cha krenki na mgongo wa flaiwili mpaka ving'ae. Pitisha jiwe la mafuta polepole kuondoa vinundu. Hapa haraka inagharimu sana: punje ya milimita 0.05 iliyobanwa kwenye ukingo wa kichwa cha krenki cha kipenyo cha milimita 70 inaifanya flaiwili iyumbe milimita 0.17 kwenye nusu kipenyo cha 120. Kikomo kwa injini nyingi ni 0.10. Punje moja ya mchanga imeshakushinda.

5. Kama injini ina beringi au bushi ndogo katikati ya krenki ya kubebea shafti ya giaboksi, weka mpya. Magari mengi ya kuvuta mbele hayana. Ya kuvuta nyuma mengi yanayo.

6. Bolti. Nunua mpya ikiwa kitabu kinataka zikazwe kwa torki (kipimo cha nguvu ya kukaza) kisha kwa pembe, maana hizo hurefuka mara moja tu. Mfano ni injini ya Toyota 1ZZ-FE: 49 Nm, kisha nyuzi 90 zaidi. Piga alama ya rangi kwenye kichwa cha kila bolti kabla ya ile robo mzunguko ili uone kwa macho ambayo bado. Mashimo ya krenki yakiwa yanapenya hadi ndani ya injini, oili hupanda kwenye nyuzi za bolti na kulowesha klachi, kwa hiyo paka gundi nyekundu ya kushikilia bolti hata kama torki iko sawa. Nyuzi za bolti zikaushwe kwa dawa ya breki kwanza. Gundi haishiki kwenye oili. Flaiwili ya kununua ikiwa nyembamba katikati kuliko ya zamani, bolti zinaweza kugota mwisho wa shimo zikaonekana zimekazwa wakati flaiwili inacheza. Pima urefu.

7. Kaza kwa mkono zote, kisha nusu ya torki, kisha torki kamili, ukivuka katikati kila mara kama unachora nyota. Ishike flaiwili kwa kifaa cha kushika meno kadhaa kwa pamoja. Bisibisi iliyoegemea jino moja hulivunja.

8. Weka saa ya kupimia yenye mguu wa sumaku kwenye bloku, ncha yake iguse karibu na ukingo wa uso wa klachi. Sukuma krenki mbele na uishikilie hivyo huku unazungusha, la sivyo utapima mchezo wa krenki badala ya kuyumba kwa flaiwili. Ikizidi 0.10, usijipe moyo. Fungua, safisha, geuza flaiwili kama mashimo yanaruhusu, pima tena.

Klachi juu ya flaiwili nyepesi

Uso upitishwe msasa namba 120 kwa duara ndogo ndogo, kisha dawa ya breki na kitambaa safi. Kuanzia hapo usiushike kwa vidole. Weka pleti ya klachi kwa mkono bila presha pleti, izungushe taratibu huku ukitazama kati ya springi zake na vichwa vya bolti za flaiwili. Ukiwa na shaka, bandika vipande vya plastisini juu ya vichwa vya bolti, bana, toa na upime: milimita 1.5 ni nafasi ya kutosha. Flaiwili za kununua zinazokuja na bolti zenye vichwa virefu ndizo hugusana hapa, na kelele yake hufanana sana na beringi mbovu ya giaboksi.

Upande wa pleti wenye kitovu kilichotokeza huelekea giaboksi. Tumia shafti kuukuu ya giaboksi kuipanga katikati, kisha kaza bolti za presha pleti nusu mzunguko kila moja, kwa zamu, hadi torki. Toyota nyingi za ukubwa huu ni 19 Nm. Ukikaza moja hadi mwisho kabla ya nyingine, unaupinda mfuniko wa presha pleti na klachi itatetemeka tangu siku ya kwanza. Grisi kwenye meno ya shafti ni kiasi cha punje ya mtama iliyopanguswa. Zaidi ya hapo hurushwa kwenye pleti.

Mara ya kwanza kuwasha

Injini iliyotulia kwenye mizunguko 750 bila kukanyagwa sasa inaweza kuanza kuyumba. Ipandishe silensa (mizunguko ya injini isipokanyagwa) hadi 850 au 900 kwa kompyuta au kwa skrubu ya hewa, kulingana na gari, ukiwa umesafisha mlango wa hewa kwanza. Kisha washa AC. Hapa Mombasa AC haizimwi, na kila kompresa inapoingia inaivuta injini ghafla. Flaiwili nzito ilikuwa ikiuficha mvuto huo. Kifaa cha kupandisha silensa wakati wa AC kikiwa kibovu, gari litazima kwenye taa za Mwembe Tayari na watu wataisingizia flaiwili. Kitengenezwe kwanza.

Gari la kisasa linaweza kuwasha taa ya injini na kodi ya hitilafu P0300, misi (silinda kukosa kuwaka) isiyo ya silinda moja maalumu, ingawa hakuna misi. Kompyuta hupima jinsi krenki inavyopunguza na kuongeza kasi kati ya msukumo na msukumo, na flaiwili nyepesi huyumba zaidi. Lakini usiipuuze mpaka umethibitisha plagi, koili na kompresheni ziko sawa, maana injini imetoka kufunguliwa.

Kilomita 500 za kwanza ziwe za mjini, bila kuondoka kwa kishindo, ili pleti ikae. Mtetemeko wa kuondoka unaopungua katika kilomita hizo ni wa kawaida. Usiopungua hutokana na uso uliopinda, oili kutoka kwa sili ya nyuma, au mfuniko wa presha pleti uliopinda, na unaanza kuutafuta kwa kuchungulia chini ya ganda la giaboksi kama kuna tone la oili. Mtikisiko unaopanda pamoja na mizunguko hata ukiwa umekanyaga klachi ni wa balansi. Ukipotea ukikanyaga, mkosaji ni pleti ya klachi au shafti ya giaboksi. Stata ikilia kavu kisha ikashika kwa kishindo, ringi ya meno imesogea au imefungwa kinyume. Usiendelee kuijaribu mara ya tatu, maana kila jaribio linakula meno ambayo hayapatikani bila kuishusha giaboksi tena.